BARUA YA WAZI: CHUPA ILIYOANDIKWA "TANZANIA 1965"

Kwa wenye dhamana ya kuisemea Tanzania katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, Geneva

YAH: OMBI LA TANZANIA KUDAI KUHARIBIWA KWA VIRUSI VYA NDUI VILIVYOHIFADHIWA MAABARA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote, na poleni na majukumu ya taifa. Mimi ni mkazi wa Newala, mkoa wa Mtwara. Watu wa hapa bado wananiita Bwana Afya, ingawa nilistaafu zamani na siku hizi kazi yangu ni mikorosho michache na wajukuu.

Sikuanza na barua ya wazi. Nilianza na barua ya kawaida, kurasa tatu za mkono, nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa". Miezi minane, kimya. Nikaandika ya pili, nikaituma kwa rejista. Kimya. Mara ya tatu nikaenda kwa miguu yangu, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, na kijana mmoja, kwa adabu kabisa, akaniambia: "Mzee wangu, shikamoo, lakini ndui ilishakwisha. Hayo ni mambo ya wakubwa huko Geneva. Sisi hapa tunahangaika na kipindupindu."

Simlaumu. Hana kovu la chanjo ya ndui begani. Hajapata kumwona mtu mwenye ndui, na kwamba hajamwona ni katika mambo yanayonifurahisha sana duniani. Ila alichosema si kweli. Ndui imekwisha kwa watu. Kwenye friza ipo, nzima, inasubiri. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Niruhusuni kwanza niseme ninaijua vipi ndui, maana wengi mtakaosoma hamjapata kuiona.

Mama yangu aliugua akiwa msichana, miaka ya arobaini, hapa hapa Umakonde. Alikuwa ameshachanjwa nembo usoni, ile mistari ya pembe pembe ambayo wazee wetu waliichora kwa kisu na kuisugua mkaa ili ibaki nyeusi. Ndui ilipopita ikaichimbua. Kila penye shimo, mstari unapotea, kisha unaibuka upande wa pili, kama njia ya shamba iliyokatwa na maji ya mvua. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa mapajani mwake nikiifuata mistari ile kwa kidole. Nikifika kwenye shimo, naruka. Jicho lake la kushoto halikuona tena. Alitusimulia kwamba alilazwa kwenye kibanda cha porini, juu ya majani ya migomba, kwa sababu akilala kwenye mkeka ngozi inashika na kubanduka. Aliyempelekea uji alikuwa bibi mmoja aliyekwisha kuugua zamani, kwani aliyeugua akapona haugui tena. Waliingia kibandani wawili, yeye na mdogo wake. Alitoka peke yake. Hata uzeeni hakupenda kuutaja ugonjwa ule kwa jina. Aliuita "ule wa majani ya migomba".

Mwaka 1974, nikiwa na miaka 19, nilichukuliwa kusaidia wachanjaji. Sindano ilikuwa na ncha mbili kama uma mdogo sana. Unachovya kwenye dawa, tone linakaa katikati ya ncha, unachoma begani haraka haraka mara 15 mpaka damu ianze kuchungulia. Mara 15. Mkono wangu bado unajihesabia wenyewe. Wiki ikipita tunarudi kuangalia kama imeshika. Siku ya kwanza kuchanja kijijini kwetu watu walijificha, mama akajitokeza akanipa bega lake mbele ya kila mtu, ingawa yeye chanjo hakuihitaji. Kwa Kiswahili nembo inachanjwa na ndui inachanjwa, neno ni hilo hilo moja, na siku ile nilimwona mama yangu akilibeba kwa maana zote mbili.

Tukashinda. Mgonjwa wa mwisho kuipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merka, Somalia, Oktoba 1977. Akapona. Baadaye alijitolea katika kampeni ya chanjo ya polio nchini kwake, na alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo hiyo. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza kwamba ndui imetokomezwa duniani. Ugonjwa huo ulikuwa umeua watu wapatao milioni 300 katika karne moja tu ya ishirini.

Virusi vyenyewe havikuteketezwa. Maabara nyingi duniani zilikuwa navyo. Baadhi ziliviharibu, nyingine zikavikabidhi. Afrika Kusini iliharibu vyake Desemba 1983. Sehemu zilizoruhusiwa kubaki navyo ni mbili: kituo cha kudhibiti magonjwa (CDC) kilichopo Atlanta, Marekani, chenye sampuli karibu 450, na Urusi, yenye zipatazo 120, kwanza mjini Moscow na tangu 1994 katika kituo cha utafiti wa virusi cha Vector kilichopo Koltsovo, karibu na Novosibirsk.

Sasa nieleze yanayonisumbua.

1. Ahadi imesogezwa mpaka imesahaulika.

Mwaka 1986 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilishauri virusi hivi viharibiwe. Ikapangwa Desemba 1993. Ikasogezwa Juni 1995. Ikasogezwa Juni 1999. Ilipokaribia, ikasemwa visubiri hadi 2002. Mwaka 2002 ukafika, ikasemwa visubiri tena, safari hii bila tarehe. Mwaka 2011 wajumbe wakakubaliana kulijadili jambo hili 2014, na 2014 hawakuelewana. Aliyenikopesha fedha akinisogezea siku ya kulipa mara nyingi namna hiyo nitamshukuru. Aliyeniahidi kuondoa nyoka chumbani kwa watoto wangu siwezi kumpa nyongeza ya miaka 30.

2. Maabara ni nyumba ya binadamu, na binadamu hukosea.

Hili naomba mlisome taratibu. Mtu wa mwisho duniani kufa kwa ndui hakuipata kijijini wala kambini. Aliitwa Janet Parker, alikuwa mpiga picha katika chuo cha tiba mjini Birmingham, Uingereza. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya juu ya maabara iliyokuwa ikichunguza ndui. Aliugua Agosti 1978, miezi kumi baada ya Maalin, wakati dunia inajiandaa kusherehekea. Mwanzoni ndui haikufikiriwa kabisa, kwa kuwa Uingereza haikuwa nayo tena. Alifariki tarehe 11 Septemba. Mama yake aliambukizwa, akapona. Baba yake alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa karantini. Profesa aliyeongoza maabara ile alijiua. Mpaka leo watu wanabishana virusi vilimfikiaje Janet. Hiyo ni Uingereza, nchi ya wataalamu na vifaa.

Haya, Julai 2014, huko Bethesda, Marekani, wafanyakazi waliokuwa wakihamisha vitu kutoka chumba cha baridi cha maabara ya serikali walikuta masanduku yaliyosahaulika tangu miaka ya hamsini. Ndani yake mlikuwa na chupa sita zenye maandishi ya ndui. Zilipopimwa, virusi katika chupa mbili vilikuwa hai bado. Miaka 60 vimekaa kwenye sanduku la karatasi, na hakuna aliyejua kuwa vipo, katika nchi inayotuambia tusiwe na wasiwasi kwa sababu inajua kila kilipo. Ziliharibiwa mwaka uliofuata mbele ya waangalizi wa Shirika la Afya Duniani, na dunia haikupungukiwa na kitu.

Tarehe 16 Septemba 2019 gesi ililipuka katika jengo la kituo cha Koltsovo wakati wa ukarabati. Mfanyakazi mmoja aliungua. Ilielezwa kwamba chumba kile hakikuwa na virusi vyovyote. Namshukuru Mungu kwa hilo.

3. Ikitoka, sisi wa kusini tutajua wa mwisho na kufikiwa wa mwisho.

Kwa ndui, chanjo inaweza kumwokoa hata mtu aliyekwisha kukaa na mgonjwa, ila ni lazima aipate ndani ya siku kama nne. Siku nne. Nimefanya kazi mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, maisha yangu yote, na namba hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Mnaikumbuka Ruangwa, Julai 2022? Watu walianza kuugua homa, kichwa, uchovu, na damu ikawatoka puani. Kwa siku kadhaa mitaani ukaitwa "ugonjwa wa ajabu". Wataalamu walikuja haraka na nawapongeza. Walipima Ebola, Marburg, UVIKO, vyote hapana, mpaka ikabainika ni homa ya mgunda. Wagonjwa 20, watatu walifariki. Kutoka taarifa za mwanzo hadi jina kutangazwa zilipita siku zipatazo kumi. Homa ya mgunda hutokana zaidi na mkojo wa wanyama wenye maambukizi, haimrukii jirani kwa pumzi. Ndui inaruka kwa pumzi. Kwa siku kumi za kuitwa "ugonjwa wa ajabu", ingekuwa imeshapanda basi la Dar es Salaam.

Na Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam kuja huku, maeneo ya Kilwa. Mabasi na malori yalilala njiani, bei za vitu zikapanda. Mtasema kuna ndege. Ndege inatua Mtwara mjini. Kutoka hapo hadi kijiji cha mwisho cha Liwale wakati wa masika, mwenye gari atawaeleza.

Mikoa hii miwili, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni 2.8. Wengi wamezaliwa baada ya 1980, wakati chanjo ya ndui ilipokwisha kuachwa. Mabega yao hayana kovu lile. Dozi za dharura za dunia zipo, makumi ya mamilioni, lakini nyingi ni za kuahidiwa, zimekaa kwenye maghala ya nchi chache tajiri, ambazo siku ya hofu zitaanza na watoto wao. Tuliliona hilo wakati wa chanjo za UVIKO-19.

Msidhani ni mbali. Mwaka 1972 hujaji mmoja alirudi nyumbani Yugoslavia kutoka Makka kwa kupitia Iraq, akiwa na ndui bila kujua. Watu 175 waliambukizwa, 35 walikufa, na nchi ikalazimika kuchanja watu milioni 18. Mtu mmoja tu. Kutoka Lindi na Mtwara wazee wetu wanakwenda hija kila mwaka, na wafanyabiashara wetu wanakwenda Guangzhou na Dubai.

4. Kilichomo ndani ya chupa kilitoka mwilini mwetu.

Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani walichapisha mpangilio wa vinasaba vya virusi vya ndui kutoka sampuli 45 za nchi mbalimbali. Mjukuu wangu anayesoma chuo alinionyesha orodha ile kwenye simu yake. Kuna Somalia 1977, Ethiopia 1972, Botswana 1972, Kongo 1970. Na kuna Tanzania 1965. Mbele yake pana neno moja linalofanana na jina la mtu, na kwa heshima yake sitaliandika hapa.

Nilikaa kimya muda mrefu na ile simu mkononi. Mwaka 1965 mimi nilikuwa na miaka kumi. Mahali fulani katika nchi yetu mtu alikuwa amelala, labda juu ya majani ya migomba, na mtu mwingine akainama akatoa usaha au magamba kwenye mwili wake, akayatia kwenye chupa. Sisemi alikosea, kazi ile ndiyo iliyosaidia kuishinda ndui. Lakini mgonjwa yule hakuulizwa kama anakubali ugonjwa wake uishi kuliko yeye. Na sisi, nchi yake, hatujaulizwa tangu hapo.

Watu wa Newala tunalijua jambo hili zaidi ya wengine. Mwaka 1952 na 1953 homa ya viungo ilitupiga huku kwenye nyanda za juu za Makonde. Watu walijikunja kwa maumivu, na wazee wakaipa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Leo neno hilo linasemwa Brazili, India na Ufaransa, na wengi wanaolisema hawajui Newala iko wapi. Mwaka 1953 damu ya wagonjwa wa huku ilichukuliwa, virusi vikapatikana, na vizazi vya virusi vile bado vinatumika katika maabara za dunia nzima. Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, miaka 70 baadaye.

Siombi virusi vya chikungunya viharibiwe. Chikungunya bado inaumiza watu, lazima ichunguzwe, na nafurahi kama damu ya mababu zangu imesaidia hata kwa kuchelewa. Ndui ni jambo jingine. Ndui haina mgonjwa. Kila kirusi cha ndui kilichopo leo kipo kwa sababu mtu ameamua kukitunza.

5. Kwa ng'ombe imewezekana.

Sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaua Wamasai kwa njaa, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Mwaka 2019 Uingereza iliharibu akiba yake ya virusi vya sotoka baada ya kwanza kusoma na kuhifadhi mpangilio wa vinasaba vyake. Walichoweza kukifanya kwa ugonjwa wa ng'ombe wakifanye na kwa ugonjwa wa watoto.

Waheshimiwa, najua mtakachojibiwa Geneva, na pengine mtakachonijibu mimi. Nimekisikia, nimekisoma, nimekifikiria.

Mtaambiwa utafiti bado haujakwisha. Chanjo iliyoitokomeza ndui haikutengenezwa kwa virusi vya ndui. Ilitengenezwa kwa virusi vingine vya jamii hiyo hiyo, ambavyo ni nadra sana kuua, na ndiyo njia inayotumika mpaka leo. Walisema wanahitaji dawa. Dawa ya tecovirimat iliidhinishwa Marekani 2018, ya brincidofovir 2021, na chanjo mpya iliyo salama zaidi 2019. Kila kazi ikimalizika inaletwa nyingine. Wengine wanaitaja mpox, ugonjwa wa jamii ya ndui, iliyothibitishwa nchini kwetu Machi 2025. Mpox ina virusi vyake na wagonjwa wake, ichunguzwe kwa virusi hivyo hivyo.

Mtaambiwa huenda kuna nchi au watu wameficha virusi, hivyo Marekani na Urusi zisibaki mikono mitupu. Huenda ni kweli wamo walioficha. Lakini chupa za Atlanta haziwezi kuzitafuta chupa zilizofichwa. Anayejilinda na ndui anajilinda kwa chanjo, dawa na wachanjaji. Zikiharibiwa akiba hizi mbili, basi yeyote atakayekutwa na chupa siku hiyo hatakuwa na cha kujitetea. Hivyo ndivyo alivyoona hata Donald Henderson, daktari wa Kimarekani aliyeongoza vita vya dunia dhidi ya ndui. Alitaka viharibiwe.

Hoja iliyonisumbua kweli ni ya tatu, na sitaki kuipita juu juu. Wanasema siku hizi kirusi kinaweza kutengenezwa upya. Ni kweli. Mwaka 2018 wanasayansi wa Kanada walichapisha jinsi walivyounda virusi vya ndui ya farasi, ndugu wa karibu wa ndui yetu, kutokana na vipande vya vinasaba walivyoagiza kwa posta, kwa gharama ya karibu dola 100,000. Kwa hiyo kuharibu chupa hakumalizi hatari yote. Nakiri. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliiweka kalamu chini kwa wiki nzima. Kisha nikajiuliza: kama mpangilio wa vinasaba unatosha kukirudisha kirusi, friza ni ya nini? Mwenye haja ya kweli ya kisayansi anao mpangilio. Na yule anayetaka kutengeneza kwa siri, tunamzuia kwa sheria za kuagiza vinasaba na kwa ukaguzi, jambo ambalo nalo Tanzania inapaswa kulisema kwa sauti. Kuna mlango wa pili ulio wazi, hiyo si sababu ya kuuacha na huu.

Na mtaambiwa, au mtajiambia wenyewe, kwamba sisi ni nchi ndogo. Katika mkutano ule kila nchi mwanachama ina kura moja. Urusi moja, Tanzania moja. Nchi za Afrika zimekuwa mstari wa mbele kutaka virusi hivi viharibiwe. Na Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika leo ni Mtanzania mwenzetu, Profesa Mohamed Janabi. Hatujawahi kuwa karibu na meza ile kama sasa.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

La kwanza ndilo kubwa. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani unaofuata, mwezi Mei, ujumbe wa Tanzania usimame udai tarehe ya kuharibu virusi vyote vya ndui vilivyo Atlanta na Koltsovo, tarehe isiyozidi miaka miwili, isiyo na kipengele cha kuisogeza. Zungumzeni kwanza na nchi za Afrika ili tusisimame peke yetu.

La pili. Bila kusubiri makubaliano ya dunia, iandikieni rasmi Marekani kuhusu sampuli yenye jina la nchi yetu: bado ipo? Chupa ngapi? Nani anaigusa, na kwa kazi gani? Waulizeni na Warusi kama nao wana iliyotoka kwetu. Kisha tuombe ya Tanzania iharibiwe mbele ya mwakilishi wetu. Vinasaba vyake vimeshasomwa na kuchapishwa, hakuna elimu itakayopotea. Ningependa mwakilishi huyo awe mtu mwenye kovu begani. Wachanjaji wa zamani bado tupo, ingawa tunapungua kila mwaka.

La tatu. Waambieni wananchi msimamo wa Tanzania katika jambo hili ni upi. Nimeutafuta kwa miaka miwili.

La nne linahusu kusini, na hili liko ndani ya uwezo wenu bila kumwomba mtu yeyote wa nje. Wekeni kwenye maandishi: ndui, au ugonjwa wowote mpya wa kuambukiza kwa pumzi, ukionekana Tandahimba au Nachingwea, sampuli itapimwa wapi, majibu yatarudi baada ya saa ngapi, chanjo itatoka ghala gani, na kama barabara imekatika Kilwa itapita wapi. Karatasi mbili zinatosha. Zibandikwe kwenye kila kituo cha afya cha mikoa hii miwili. Wauguzi vijana wafundishwe kutofautisha ndui na tetekuwanga: ndui inajaa zaidi usoni, mikononi na miguuni hadi kwenye nyayo, na vipele vyote vya sehemu moja vinakwenda umri mmoja. Nipo tayari kwenda kuwafundisha mwenyewe, kituo kwa kituo, bila posho, kwa muda wote ambao magoti yangu yatakubali.

Nimeambatanisha nakala za barua zangu mbili za mwanzo, ile ya muhuri na stakabadhi ya rejista ya ile ya pili. Mkiniita nitakuja, nauli nitajitegemea. Mkiniandikia, barua ikifika posta ya Newala itanifikia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Bwana Afya mstaafu,
Newala, Mtwara